Bingwa wa Sufuria na Utando wa Yai

Mume wangu, Kajikawa Tomezo, alicheza mieleka ya sumo kwa miaka kumi na saba na hakuleta nyumbani hata kikombe cha kuwekea miswaki. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nataka kumsifu. Jina lake la ulingoni lilikuwa Iwagatake, yaani Kilele cha Mwamba, lakini kilele chenyewe hakikuwahi kutoka jikoni. Kambini kwao yeye ndiye aliyekuwa mpishi. Wanaume thelathini wenye matumbo kama mapipa walilishwa kwa mkono wake, kuku na tofu na kabichi kwenye sufuria moja ya kuogea mtu mzima, na yeye akila wa mwisho kwa sababu mezani walikaa kwa cheo, na cheo hakuwa nacho. Alipostaafu na kukatwa kishungi cha nywele alirudi kwetu Ibaraki, akanioa, akaajiriwa palepale nilipokuwa nimeajiriwa mimi, kwenye kiwanda cha kupasua mayai cha mzee Hirukawa. Haukupita mwezi, wanawake wote kiwandani wakawa wanamwita Bingwa wa Sufuria. Jina hilo nililitunga mimi, na kwa miaka ishirini na minne nililitamka kwa raha zangu zote.

Kiwanda chetu ni kidogo. Mashine inapasua mayai, ute na kiini vinakwenda kwa watengeneza keki na mayonezi, na maganda yanamwagwa nyuma, kwenye rundo lililokuwa limefika usawa wa dirisha la ofisi. Ganda tupu halina neno, wakulima wanalitaka kwa mashamba yao. Balaa ni ule utando mweupe ulioshika kwa ndani, ule unaokutia hasira unapomenya yai la kuchemsha. Utando huo ni kama nyama. Ukilowa, unaoza, na mvua za Juni zikishaanza hata mbwa wa mtaani walikuwa wakizunguka njia ya mbali.

Aliyekuja kulalamika alikuwa Bi Otake, mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Sasa nisikilizeni. Ukoo wa Bi Otake, tangu enzi za babu yake, wanatengeneza natto, soya zilizochachushwa mpaka zinavuta nyuzi, chakula ambacho mgeni akikinusa anauliza nani kafa humu ndani. Mimi nakila kila asubuhi na nakipenda. Lakini mwanamke huyo kusimama langoni kwetu kaziba pua kwa leso, hilo lilinishinda.

"Mzee Hirukawa," akasema, "majirani hawawezi kuanika nguo."

"Bi Otake, na sisi ya kwenu tunayavumilia," akajibu mzee.

"Ya kwetu ni harufu ya chakula. Yenu ni ya mzoga."

Nilitaka kumjibu, Tomezo akanishika bega. Mkono wa Tomezo ukikushika bega, hujibu mtu. Bi Otake akatoa karatasi yenye mihuri ya halmashauri: rundo likiwa bado lipo mvua zitakapoanza, kibali cha kiwanda hakitaongezwa. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja na mlima mmoja. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na nane, goti la kushoto bovu, na ujuzi wangu wote duniani ulikuwa mayai. Mume wangu alikuwa na miaka sitini na hakuna kiwanda kingine Ibaraki chenye sare ya kumtosha. Kile kiwanda kikifungwa, sisi wawili tumekwisha.

Ndipo akaja Bi Onodera. Alikuwa mtafiti wa kampuni moja ya Osaka inayotengeneza vitambaa vya kufunika vidonda vya moto, binti mwembamba aliyekuwa akiomba radhi kila anapovuta pumzi. Alisema utando tunaoutupa ni wavu mwembamba ajabu: unapitisha hewa, unashika unyevu, na haung'ang'anii nyama ya mtu ukiondolewa. Kampuni yao ilikuwa tayari kuuchukua wote, kila siku, mwaka mzima, mradi uwe msafi na uwe vipande vikubwa. Mzee Hirukawa alimwinamia mpaka nikadhani kadondosha kitu.

Kilichobaki kilikuwa kuubandua. Bi Onodera alileta mashine ya kusaga na madebe ya dawa kali. Siku ya kwanza ikatoa unga. Siku ya pili ikatoa uji. Siku ya tatu ikatoa nyuzi chafu zilizojaa chembe za ganda, na binti akaenda kulia nyuma ya matangi akidhani hatumwoni. Tomezo alikuwa amesimama pembeni siku zote tatu, mikono nyuma, akitazama kama mtu anayetazama mke wa mwenzake akiunguza wali. Mwishowe akamfuata.

"Samahani, dada," akasema. "Kwa nini maganda hamyaloweki kwenye maji ya mchele?"

"Maji gani?"

"Yale ya kuoshea mchele. Yaliyolala, yakaanza uchachu."

"Kwa nini maji ya mchele?"

"Sijui," Tomezo akasema. "Kambini tulikuwa na ndoo moja tu."

Ikabidi aeleze. Wacheza mieleka hugongana vichwa kila asubuhi, na ngozi ya paji la uso haikuumbwa kwa kazi hiyo. Aliyepasuka alikwenda jikoni, na mpishi alimbandika utando wa yai juu ya jeraha, mbichi. Ukikauka unakaza, damu inakatika, na kesho mtu anarudi mchangani. Huo ni mtindo wa kambi tangu zamani, hakuna aliyeona ajabu. Kwa hiyo Tomezo hakutupa maganda. Aliyatia kwenye ndoo iliyokuwepo, na ndoo hiyo ndiyo iliyokuwa na maji ya kuoshea mchele wa wanaume thelathini. Yakilala humo, utando ulikuwa ukiachia wenyewe.

"Wenyewe?" Bi Onodera akauliza, na safari hii hakuomba radhi.

Tukaenda kwa jirani zetu wanaotengeneza pombe ya mchele, watu wanaoosha mchele kwa magunia na hawajui pa kumwaga maji yake. Wakatupatia mapipa sita, wakatuuliza kama tunataka mengine. Tukaloweka. Asubuhi ya pili Tomezo akatwaa mwiko wa mbao wenye urefu wa kasia, akakoroga polepole, akiongea na lile pipa kama alivyokuwa akiongea na sufuria yake. Maganda yakazama. Utando ukaelea juu, vipande vizima, vyeupe, vimetulia. Mwenzetu Kiyoe, ambaye tangu nimjue hajawahi kukisifu kitu, alisema, "Haya, Bingwa wa Sufuria kapata sufuria yake." Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote.

Ilibaki saini. Mwenye saini alikuwa Bwana Tsukuda, mkuu wa Bi Onodera, na alifika Mei, wiki mbili kabla ya mvua. Alikuwa mtu mkavu aliyevaa suti ya kijivu na alitembea kati ya mapipa yetu kama anayekagua vyoo. Mzee Hirukawa alikuwa ametupanga mstari, tumevaa kofia safi. Utando ulikuwa umetandazwa kwenye mbao kumi. Tsukuda aliuinua kwa kibano, akautazama kwenye mwanga, akaurudisha.

"Msafi," akasema. "Lakini nikirudi Osaka nitawaambia nini wakubwa? Kwamba mpishi wa mieleka alikuwa akibandika watu mayai usoni?"

"Tuna vipimo vya maabara, mkurugenzi," Bi Onodera akasema. "Majeraha ya panya..."

"Panya nimewaona. Nataka mtu."

Tomezo akajitokeza. Akavua kofia, akainama mpaka paji lake likawa chini ya pua ya Tsukuda.

"Hapa nilipasuka mara tatu," akasema, akijionyesha kwa kidole. "Hapa mara mbili. Na hapa sikio lilibaki linaning'inia."

"Sioni kitu."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo huoni kitu."

Sisi wanawake tulipasuka kwa kicheko. Tsukuda hakucheka.

"Bwana Kajikawa, mimi pia sina kovu kwenye paji, na sijawahi kugombana na mtu tangu shule. Watu watatutofautisha vipi?" Kisha akakunja macho. "Na hili?"

Juu ya nyusi ya kushoto Tomezo ana kovu moja, refu kama kidole, limepinda kama pindo lililoshonwa na mlevi. Kila anayemjua analijua.

"Hili nalo lilipona kwa yai?" Tsukuda akauliza.

Niliona mzee Hirukawa anafumba macho. Nikaruka, maana mdomo wangu haujawahi kungoja ruhusa.

"Hilo ni la mlango, mheshimiwa! Alijigonga kwenye fremu ya mlango wa bafu kule kambini. Mwili wote huo, akili ya kuinama hana!"

"Na siku hiyo jikoni hapakuwa na yai?"

Hakuna aliyecheka tena. Lilikuwa swali zuri na nilikuwa nimemletea mwenyewe kwenye sahani. Tsukuda alianza kukusanya karatasi zake. Niliwatazama wenzangu, Kiyoe mwenye mume mgonjwa nyumbani, dada wawili wa ukoo wa Muto, na nikajichukia.

"Shizuno," Tomezo akaniita. Huwa haniiti kwa jina mbele za watu. "Usinikasirikie."

"Nikukasirikie nini?"

"Halikuwa la mlango."

Akamgeukia Tsukuda na kueleza, polepole, kama mtu anayetoa mwiba mguuni.

Kulikuwa na mashindano fulani, mwaka wake wa mwisho. Alikuwa daraja la tatu kutoka chini, alikozoea, lakini safari hiyo, hajui ilikuwaje, alishinda mapambano yake yote saba. Mwenzake mmoja wa kambi hiyohiyo, kijana wa miaka ishirini na miwili, naye akashinda saba. Watu wa kambi moja hawapambanishwi, ila wakifungana kileleni. Walifungana. Ilikuwa lazima wapambane siku ya mwisho, na mshindi ndiye bingwa wa daraja. Asubuhi ya kabla ya siku hiyo walikuwa mazoezini alfajiri, wakagongana vichwa, wakapasuka wote wawili, kila mtu juu ya jicho la kushoto.

"Jana yake nilikuwa nimepika chakula cha kutupongeza," Tomezo akasema. "Nilitia mayai arobaini. Lilibaki moja. Ndoo nilikuwa nimeimwaga, nikitaka jiko liwe safi kwa ajili ya wageni. Maduka yalikuwa hayajafunguliwa, na utando haungoji, unabandikwa damu ikiwa mbichi."

"Na utando wa yai moja?"

"Unatosha paji moja."

Tsukuda aliweka karatasi chini.

"Yeye nilimbandika utando. Mimi nikabandika plasta. Ulingoni, kwenye mgongano wa kwanza kabisa, plasta ikatoka na jasho, damu ikaingia machoni. Sikumwona tena. Nilimsikia tu anahema."

"Kwa nini hukujibandika mwenyewe?"

Tomezo alishangaa kweli. Namjua anaposhangaa, kidevu kinarudi nyuma.

"Mimi ndiye niliyekuwa mpishi," akasema.

"Nani?" nikauliza. "Huyo kijana ni nani?"

"Haina haja, Shizuno."

"Tomezo, ni nani?"

"Ni mtu tu. Alikuwa na mama mgonjwa. Yamekwisha."

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile kadi. Kila Mwaka Mpya tunaletewa kadi na Shirakigawa, yule mcheza mieleka aliyepanda mpaka madaraja ya juu kabisa na sasa anachambua mashindano kwenye televisheni. Huwa ninaiweka mbele ya kadi nyingine zote ili wageni waione. Haina maneno. Kila mwaka ina duara moja tu, limechorwa kwa brashi na wino. Nilikuwa nikisema, mtu mkubwa kiasi hiki na jua la Mwaka Mpya hajui kulichora, limekuwa refu kama kiazi. Tomezo alikuwa akinijibu kwamba si kila mtu ana kipaji.

"Ni yule wa kadi!" nikapiga kelele. "Shirakigawa! Yale si majua! Ni mayai!"

Tomezo akatazama viatu vyake. Bi Onodera alikuwa tayari ameshatoa simu yake. Vidole vya binti yule vilikwenda mbio, akatafuta mwaka, mashindano, daraja, na baada ya kitambo akaiweka simu mbele ya mkuu wake. Tukamzunguka wote, itifaki ikafa.

Ilikuwa picha ya gazeti la mkoa wa kwao Shirakigawa. Wanaume wawili wenye vishungi, wamepiga ubinda, wanainamiana baada ya pambano. Kijana ana kitu cheupe juu ya jicho la kushoto, chembamba kama karatasi, kimekaa palepale. Mwingine ana damu kuanzia kwenye nyusi mpaka kidevuni, jicho limejifumba, na ameinama chini zaidi ya mwenzake. Nilikuwa sijawahi kuiona picha ya mume wangu akiwa mchezaji bora wa pili wa kitu chochote. Alikuwa na nywele nyeusi sana.

Bi Onodera akafungua picha nyingine, Shirakigawa wa mwaka huu, kwenye meza ya watangazaji, taa zote zimemmulika usoni. Tsukuda akaikuza kwa vidole viwili. Juu ya jicho la kushoto paji lilikuwa laini kama sahani. Kisha akamtazama Tomezo, akamtazama kwa muda mrefu, akaomba ruhusa ya kumgusa, akapitisha kidole kwenye lile kovu kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Jeraha moja, saa moja, mgongano mmoja," akasema. "Onodera, andika." Akatia saini juu ya pipa, na mzee Hirukawa akalia kama mtoto, bila leso.

Mvua zilipoanza hapakuwa na rundo. Maganda yalikuwa yamekwenda mashambani, utando Osaka. Mtaa ulibaki na hewa safi kwa siku kama nne hivi, kisha majirani wakagundua kwamba harufu haijaisha yote, na kwamba iliyobaki inatoka kwa Bi Otake. Sasa yeye ndiye aliyeletewa karatasi yenye mihuri. Sijamcheka hadharani.

Lakini siku ile ya saini sikuwa na furaha. Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi mbele, yeye nyuma, na nilikuwa nimefura kwa hasira hivi kwamba nilisahau goti. Tulipofika niliweka sufuria ya wali mezani kwa kishindo.

"Miaka ishirini na minne!" nikamwambia. "Nakuita Bingwa wa Sufuria mbele ya watu, mbele ya mama yako, na wewe unacheka tu?"

"Lilinichekesha."

"Ulikuwa karibu kuwa bingwa wa kweli, mjinga wewe! Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenihurumia." Akakaa chini, sakafu ikalia kama kawaida yake. "Siku ya kwanza niliyokuona ulikuwa unamcheka mzee Hirukawa kavaa kofia nyuma mbele. Nilitaka kuishi na mtu wa namna hiyo. Ukimwambia mke habari kama ile, anaanza kukupakulia chakula kwa unyenyekevu."

Nilikwenda kwenye friji, nikachukua yai, nikalipasua bichi kwenye bakuli la wali wake wa moto, kama tunavyolila huku kwetu. Kisha nikaanza kubandua utando. Miaka thelathini nimeshinda na mayai na sikuwahi kuubandua mmoja kwa mkono. Ulinichanikia mara mbili. Nilipata kipande kidogo, kibaya, cha ukubwa wa stempu, nikamsogelea na kumbandika juu ya nyusi ya kushoto.

"Shizuno, umechelewa kidogo," akasema.

"Nyamaza. Usikunje uso."

Hakukunja. Aliweka mikono yake mikubwa magotini na kutulia, wali ukipoa chini ya yai, na mimi nikakishika kile kipande kwa kidole gumba mpaka kikakauka.